Kabla ya kumwambia mtoto atulie

Mwenye mtoto wa P7, darasa la mwisho la shule ya msingi hapa Uganda, anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Mtihani wa PLE, ule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa daraja kuanzia 1 hadi 9, kisha madaraja hujumlishwa, na namba inayopatikana ndiyo inayofungua au kufunga milango ya sekondari. Bora kabisa ni 4. Matokeo yakitoka, magazeti hujaa picha za waliopata 4 wakiwa wamebebwa juujuu na walimu wao. Aliyepata 19 hapigwi picha, na umri wake ni miaka 12 au 13.

Mtoto huyu ndiye ambaye sasa watu wanataka ajifunze kujituliza. Apumue polepole kabla ya kufungua karatasi ya maswali, akae kimya dakika chache asubuhi, ataje anachohisi badala ya kumpiga mwenzake ngumi. Wataalamu huliita jambo hilo umakinifu, na likitajwa kwenye mkutano wa wazazi, ukumbi hugawanyika. Mmoja anaona kwamba hatimaye shule imekumbuka mtoto ana moyo, si kichwa tu. Mwingine ananong'ona kwamba hii ni dini ya mashariki inayoingizwa darasani. Wa tatu, labda baba aliyefunga kibanda chake sokoni ili ahudhurie, anauliza kama kupumua kutalipa ada.

Wote watatu wana haki ya kuuliza. Ila kuna swali la nne ambalo halina mwenyewe: nani atulizwe kwanza? Utafiti uliopo, na sehemu yake nzuri imefanyika hapahapa Uganda, unanipeleka kwenye jibu ambalo sisi wazazi na walimu hatulipendi sana.

Vitu vitatu vilivyofungwa pamoja

Fujo nyingi katika mazungumzo haya hutokana na kuita vitu vitatu kwa jina moja.

Umakinifu wenyewe ni kitu kidogo. Ni kuelekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, mwilini na nje ya mwili, bila kukimbilia kukihukumu. Mtoto anahisi moyo unadunda kabla ya mtihani. Anatambua kwamba unadunda. Anajizuia kuongeza juu yake, "mimi mwoga, nitafeli, baba hatanielewa." Basi. Hakuna ajabu ndani yake, na mtu hujifunza kwa kurudiarudia, siku nyingine akifanikiwa na siku nyingine akishindwa.

Ustawi wa hisia ni mpana kuliko hapo. Unagusa usingizi, chakula, usalama njiani na darasani, kuwa na rafiki, kuwa na mtu mzima mmoja ambaye mtoto anaweza kumwendea na habari mbaya bila kuogopa. Umakinifu ni kona moja tu ya shamba hilo. Anayeahidi kwamba dakika tano za kufumba macho zitampa mtoto ustawi wote huo anauza kitu ambacho hana.

Cha tatu ni ugonjwa: sonona, wasiwasi uliopita kiasi, kiwewe cha mtoto aliyeona vita au kufanyiwa ukatili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtaalamu. Tutarudi kwake baadaye, kwa sababu ndiye anayeumia zaidi vitu hivi vitatu vikichanganywa.

Kuhusu dini, mzazi anayenong'ona hakunusa bure. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn, wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Mazoezi yake aliyachota katika mapokeo ya Kibudha, akayaondolea ibada na maombi, akabakiza namna ya kutumia pumzi na usikivu. Kinachofundishwa shuleni leo kimetokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Lakini kunyamaza, kupumua na kurudisha akili iliyotangatanga si mali ya dini moja. Mwislamu wa Bombo anayetafuta khushuu katika swala anaijua kazi ya kurudisha akili iliyokimbilia sokoni. Mkatoliki anayehesabu rozari anaijua pia. Familia inayoogopa zoezi lenye sura ya kigeni inaweza kuanzia kwenye sala yake yenyewe, mradi ifanywe polepole, isiwe ya kukimbizana na honi ya gari la shule.

Mwilini hutokea nini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Ikishtuka, mwili humwaga adrenalini, moyo hukimbia, misuli hukaza, tumbo huacha kushughulika na chakula. Ndiyo maana mtoto mwenye hofu ya shule huumwa tumbo Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi. Mara nyingi hasingizii. Tumbo linamuuma kweli, ila dawa ya minyoo haitamsaidia.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kuzuia papara, ndiyo inayoweza kuituliza amigdala. Tatizo ni kwamba hukomaa taratibu mno. Huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kwa hiyo tunapomwambia mtoto wa P3 "jizuie," tunamwomba atumie kiungo ambacho bado kinajengwa. Anaweza kidogo. Hawezi kama wewe, na wewe mwenyewe, ukiwa kwenye foleni ya Kampala na boda imekukwaruza gari, huwezi kila mara.

Pumzi inasaidia kwa njia inayoeleweka. Mtu anapovuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, anapoitoa hupunguza. Kazi hiyo hupitia kwenye neva ndefu ya vagasi inayotoka kwenye ubongo na kushuka kifuani hadi tumboni. Ukiifanya pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, unaupa mwili muda zaidi upande wa kupoa. Ndiyo siri yote. Mtoto mdogo hahitaji maelezo ya neva. Mwambie anuse chapati iliyotoka kwenye kikaango, halafu apulize uji wa moto upoe bila kumwagika. Akirudia mara tano au sita amefanya zoezi kamili.

Kutaja hisia nako kuna kazi yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko California waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu huku wakiupiga ubongo wao picha. Walipotaja hisia iliyo usoni, amigdala yao ilitulia kuliko walipotazama tu. Watoto wetu wengi, ukiwauliza wanahisije, hujibu "vibaya" au "sijui". Lakini Kiswahili kina wivu, fedheha, kinyongo, simanzi, wasiwasi, aibu, upweke, na mtoto anayejua tofauti ya aibu na hasira ana nafasi nzuri zaidi ya kueleza kwa nini alimpiga aliyemcheka.

Uingereza walijaribu kwa watoto

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wapenzi wa mazoezi haya huipitia haraka. Kati ya majaribio yote ya kufundisha umakinifu shuleni, mojawapo ya yaliyo makubwa zaidi lilifanyika Uingereza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, katika shule zaidi ya 80, walishiriki. Nusu ya shule zilifundisha umakinifu kwa masomo kumi, nusu ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya maisha na hisia. Watafiti walitarajia kuona watoto wenye sonona kidogo na ustawi mkubwa zaidi.

Hawakuona. Kwa wastani, waliofundishwa na wasiofundishwa walilingana. Kwa watoto waliokuwa tayari na dalili za matatizo ya akili, kulikuwa hata na viashiria kwamba zoezi halikuwafaa. Na walipouliza watoto wanafanya mazoezi nyumbani mara ngapi, jibu lilikuwa: ni nadra sana. Wengi walichoshwa.

Kulikuwa na kundi moja lililonufaika, angalau kwa muda mfupi, na hilo ndilo lililonifanya nisome upya. Walimu. Kabla ya kufundisha, ilibidi wao wenyewe wapitie mafunzo, na uchovu wa kazi uliwapungua.

Simaanishi kwamba mazoezi hayafai. Maana ya matokeo hayo ni nyembamba zaidi: kuwapanga watoto wote wa darasa, wenye shida na wasio na shida, na kuwafundisha kujituliza kama somo la ratiba, hakuleti mabadiliko yanayopimika. Darasa la Uganda lenye watoto 80 au 100, na mwalimu ambaye hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita, halitafanikiwa mahali ambapo darasa la Uingereza limekwama.

Rhino Camp, na akina mama wa vijiji vya Buganda

Miaka miwili kabla ya habari hizo za Uingereza, yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine, safari hii kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14, walishirikishwa. Wote walikuwa na msongo wa mawazo wa kiwango cha kati au zaidi. Baadhi ya vijiji vilipewa mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani: vikao vitano vya kama saa mbili, kundi la wanawake 20 hadi 30, wakisikiliza maelezo yaliyorekodiwa kwa lugha yao na kufuata kitabu cha picha. Waendeshaji hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia; walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Walichojifunza kwa sehemu kubwa ni umakinifu, ingawa haukuuzwa kwa jina hilo. Mawazo mabaya yakikuvamia, usipigane nayo. Yatambue, yataje, kisha rudisha mwili wako mahali ulipo: kanyaga ardhi kwa nguvu, nyoosha mikono, sikiliza, angalia, endelea na unachokifanya. Halafu jiulize ni jambo gani lenye thamani kwako unaloweza kufanya leo, hata kama shida haijaondoka. Miezi mitatu baadaye, wanawake wa vijiji vilivyopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao.

Tuwe waangalifu: hawa ni watu wazima wenye dhiki, na wale wa Uingereza ni watoto wa kila namna, hivyo huwezi kuziweka namba hizo bega kwa bega. Hata hivyo mwelekeo unasema kitu. Zoezi lilishika pale lilipopewa mtu mzima anayelihitaji, kwa lugha yake, katika kundi la watu anaofanana nao. Na wengi wa wanawake wale wana watoto nyumbani.

Kwa nini hilo lina maana kwa mtoto? Hapa Uganda ina historia ambayo hatujivunii vya kutosha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akajiunga na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alikwenda vijijini, karibu na jiji, akawa anazitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto wachanga, kila baada ya wiki mbili hivi, akikaa sebuleni kwa saa kadhaa na kuandika anachokiona. Aliona kwamba mtoto hutambaa kwenda kuchungulia dunia, akishtuka hurudi kwa mama, akishatulia huondoka tena. Aliona pia kwamba watoto waliotulia vizuri walikuwa wa akina mama wanaosoma ishara zao mapema, na kwamba mama wa namna hiyo, ukimwuliza habari za mtoto wake, alikuwa na mengi madogomadogo ya kusimulia. Kazi hiyo, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1967, ni moja ya nguzo za elimu yote ya leo kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi. Vyuo vya Ulaya na Marekani hufundisha mambo ambayo yalionekana kwanza kwenye mikeka ya Buganda.

Kwa lugha nyepesi, mtoto hukopa utulivu kwa mtu mzima kabla hajaweza kujitengenezea wa kwake. Atakopa kwako, kwa bibi, kwa ssenga (shangazi), kwa mwalimu. Kama wote mnapiga kelele, hakuna wa kumkopesha. Kumwambia atulie kwa sauti ya juu, mkono ukiwa umeshaenda hewani, ni kumpa amri mbili zinazogongana, na mwili wake utafuata ile ya mkono.

Nyumbani jioni

Basi zoezi la kwanza la familia halimhusu mtoto. Ni la mama anayetoka kuuza samaki, la baba anayeegesha boda: simama nje ya mlango, toa pumzi ndefu mara tatu, hisi miguu yako chini, ndipo uingie. Najua inaonekana ni kitu kidogo mno. Lakini dakika ya kwanza ya kukutana jioni ndiyo watoto huitumia kupima hewa ya nyumba, na wengi hujua kutokana na namna mlango ulivyofungwa kama leo waonyeshe ripoti au waifiche.

Pili, badilisha swali. "Umepata ngapi?" si swali baya, ila lisiwe la kwanza kila siku. Jaribu "leo ni kitu gani kilikuchekesha?" au "kuna mtu alikuudhi?" Akisema "hakuna", acha. Watoto wengi huongea wakiwa wanafanya kitu kingine: wanachambua maharage, wanaosha vyombo, wamekaa nyuma ya boda. Baba anayelalamika kwamba mwanawe wa miaka 14 haongei naye, mara nyingi anamwita sebuleni, anamkalisha kitini mbele yake na kusema "haya, ongea." Hata mimi nisingeongea.

Tatu ndipo mazoezi yenyewe, na yawe mafupi. Mchezo wa kusikiliza unafaa kuanzia miaka minne: kaeni kimya, kila mmoja ahesabu sauti anazosikia mpaka mtu mmoja aseme basi. Mjini kutakuwa na boda, jenereta, adhana ya magharibi, redio ya jirani, mbwa, na karoli, wale korongo wakubwa wa Kampala, wanaogombania takataka. Kijijini kuna vyura na majani. Halafu linganisheni. Mtoto atacheka kwamba baba hakusikia kunguru. Kwa dakika mbili hizo akili yake haikuwa kwenye mtihani wa kesho, na hakuna aliyemwambia atafakari.

Kwa mtoto aliyeshikwa na hofu ghafla, zoezi la vitu vitano husaidia: ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia, viwili anavyovinusa, kimoja anachokionja. Akifika mwisho kwa kawaida pumzi imeshuka.

Onyo moja ni la lazima. Usimlazimishe mtoto kufumba macho. Kwa mtoto aliyekimbia vita, au aliyeumizwa na mtu wa karibu, giza na ukimya ndipo picha mbaya hujitokeza. Watoto wa Kikongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani, wengi wamepita mambo ambayo mwalimu hatayajua kwa kuwaangalia. Macho wazi, yakitazama sakafu au mkono wake mwenyewe, yanatosha. Akikataa kabisa, mpe kazi ya mwili: aruke kamba, abebe maji, asukume ukuta. Mwili unaotembea hutulia pia.

Fimbo na kengele ya utulivu haviwezi kukaa darasa moja

Sheria iko wazi. Wizara ya Elimu ilikataza adhabu ya viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaweka katazo hilo katika sheria ya nchi. Kila mzazi anajua pia kwamba fimbo bado ziko, nyuma ya kabati la ofisi ya walimu, na kwamba baadhi yetu huzipeleka wenyewe. "Samaki mkunje angali mbichi," tunasema, kana kwamba kukunja na kupiga ni kitu kimoja.

Hili linahusu utulivu moja kwa moja. Mtoto anayetazamia kuchapwa saa nne hawezi kufundishwa kupumua saa mbili. Amigdala yake inafanya kazi sawasawa kabisa, hatari ipo kweli. Jaribio lililofanyika wilaya ya Luwero, ambako Bombo ipo, lilionyesha njia nyingine. Shirika la Raising Voices la Kampala liliandaa mpango wa kubadilisha shule nzima: walimu, wanafunzi, wazazi na uongozi wakikaa pamoja kupanga kanuni, kusifu hadharani, na kuadhibu bila kupiga. Shule za msingi 42 zilihusika, kwa miezi 18, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule ambazo hazikupata mpango huo, karibu nusu ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa mwili na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika zilizopata, walikuwa chini ya theluthi. Watoto wao pia walijisikia salama zaidi shuleni.

Chini ya theluthi bado ni wengi. Lakini kama shule ingekuwa na fedha za jambo moja tu kwa ajili ya hisia za watoto, mimi ningechukua mpango wa namna hiyo kabla ya kumwita mkufunzi wa umakinifu.

Usingizi na uji

Baba wa kibanda, aliyeuliza kama kupumua kutalipa ada, alikuwa sahihi kwa sehemu yake: kuna mahitaji yanayotangulia pumzi. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila usiku. Sasa piga hesabu ya mtoto wa Kampala anayemaliza homuweki saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili awahi gari la shule. Ni saa sita na nusu. Kwenye bweni za watahiniwa hali huwa mbaya zaidi, maana baadhi ya shule hupima bidii kwa namna taa zinavyowaka mapema. Mtoto mwenye usingizi hukasirika haraka, husahau alichosoma na hulia kwa kitu kidogo. Ukimfundisha kupumua utamlaza tu, na pengine ndicho alichohitaji.

Chakula ni vivyo hivyo. Mtoto aliyeshinda na kikombe kimoja cha uji, akisubiri posho (ugali) na maharage nyumbani jioni, hana tatizo la umakini. Ana njaa. Wazazi wanaochangia mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni wanafanya kazi ya afya ya akili, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Tusisahau pia tulikotoka. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Aliyekuwa P1 wakati huo alikaa nyumbani karibu miaka miwili katika umri ambao wenzake wa miaka ya nyuma walijifunza kukaa, kusubiri zamu na kugombana kisha kupatana. Mwalimu wa leo anayeshangaa kwamba watoto hawa "hawatulii" anakutana na deni hilo.

Pale ambapo pumzi haitoshi

Angalia mabadiliko yanayodumu zaidi ya wiki mbili hivi: mtoto aliyekuwa anacheza ameacha kabisa, halali au analala mno, hali chakula, anajitenga, anakojoa kitandani wakati alishaacha, alama zimeporomoka ghafla, au anasema ingekuwa bora asiwepo. Kauli hiyo ya mwisho haisubiri wiki mbili. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia bila kuzimia. Usimwache peke yake, na ondoa karibu naye dawa za shambani na za kunywa.

Shuleni, mtu wa kuanzia ni mwalimu mlezi wa wasichana au wa wavulana, ambaye shule nyingi zinaye ingawa mara nyingi hakumbukwi mpaka kuwe na mimba. Kuna namba ya bure ya Sauti, 116, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto na kuomba ushauri, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, ni hospitali ya taifa ya magonjwa hayo. Watu wa Kampala hulitaja jina la Butabika kwa utani wanapotukanana, na utani huo huwafanya wazazi wachelewe. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani na inataka huduma hizi zipatikane pia katika vituo vya kawaida vya afya, kwa hiyo anzia kilicho karibu nawe na uombe rufaa.

Ukifika, usianze na "mtoto wangu ana pepo" wala "ni mvivu tu". Mwambie mhudumu anachokifanya, tangu lini, usingizi wake ukoje, anakula nini, na ni nini kilichotokea nyumbani au shuleni kabla hajabadilika. Kisha toka nje kidogo, ili mtoto apate nafasi ya kusema yale asiyoweza kuyasema mbele yako.